Mizigo Miwili, Mama Mkwe Mmoja

Kijiwe chetu hapa Punta Chueca, kijiji cha wavuvi kati ya bahari na jangwa, ni kiti cha nyuma cha pikapu ambayo yenyewe ilishaozea ufukweni kabla sijaoa. Tumekiweka chini ya kivuli cha fito, ubavuni mwa duka, na mbele yake kuna makaa na birika jeusi ambalo halioshwi kwa makusudi. Siku hiyo upepo wa kaskazini ulikuwa na siku yake ya tatu, mashua zote zimevutwa mchangani, na mwanaume asiye na bahari hana kazi ila mdomo. Redio ndiye aliyekuwa anapika kahawa. Tunamwita hivyo kwa sababu hana pa kumzimia. Kaa alikaa pembeni kama kawaida yake, mtega kaa wa miaka thelathini, na siku hizi hata kukubali jambo hukubali kwa upande. Profesa alijiweka katikati. Zamani aliwabebea mabegi watafiti wa mimea kwa miezi mitatu, na tangu hapo hapiti kwenye kichaka bila kukitaja jina. Wa nne ni mimi, Fermín, ila hapa naitwa Kimya. Miguuni pangu palikuwa na mizigo miwili ya vijiti, mmoja umefungwa kwa kamba ya buluu, mwingine kwa kitambaa chekundu, na mmoja kati ya hiyo haukuwa na maana yoyote.

Redio: Hebu rudia, Kimya. Ulitumwa nini hasa?

Mimi: Haat.

Redio: Na umeleta nini?

Mimi: Ndo nawauliza nyie.

Wakacheka mpaka birika likasahauliwa. Mimi sikucheka. Haat ni kijiti cha kusukia vikapu, na wanawake wetu hawasukii kingine. Hamisj ni ndugu yake, kinaota kando yake, kimevaa ganda linalofanana, ila hakisukiki. Mvua ikinyesha hata mlevi atakutofautishia. Lakini mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwaka jana, na milima yote ilikuwa imevuliwa majani. Nikakata mzigo mmoja kule juu kwenye mawe, nikaingiwa na wasiwasi, nikateremka bonde la mchanga nikakata mwingine. Nikajiambia kwamba mmoja lazima utakuwa wenyewe.

Kaa: Kazi ya kukata haat ni ya wanawake. Nani alikutuma?

Mimi: Mke wangu, kabla hajaondoka kwenda mjini Hermosillo. Naye alitumwa na mama yake.

Hapo kicheko kikapungua, maana wote wanaijua habari ya mama mkwe. Alikuwa amebakiza mzunguko mmoja tu kwenye kikapu alichokianza miaka miwili iliyopita, kikapu kikubwa kinachonifika kifuani, na vijiti vikamwishia. Goti nalo limevimba, hawezi kupanda mlima. Daktari amempa tarehe ya kupasuliwa, mwisho wa mwezi, na yeye amesema haendi popote akiacha kikapu mdomo wazi. Kwetu kikapu cha ukubwa ule kina mwenyewe ndani yake, roho. Sindano ya mfupa ikipita hulia, na kikikamilika huchezewa na kuimbiwa siku nne ili aliyemo atulie. Kukiacha kabla ya mwisho ni kujitafutia balaa. Basi kijiti kisipopatikana, hospitali haiendwi, na goti lile halikuwa goti la kusubiri.

Redio: Ndo maana wahenga wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaa: Mkuu ni yeye mwenyewe, Redio. Alikuwa amsikilize nani?

Redio: Ajisikilize.

Profesa: Tuachane na methali, tuingie kwenye sayansi. Hawa wawili ni ukoo mmoja, baba mmoja mama mbalimbali. Haat jani lake dogo, halizidi ukucha, limejibana kwenye kijiti. Hamisj jani lake pana, la mviringo, limepakwa majivu. Ua la haat ni jeupe, dogo, lina aibu. La hamisj lina rangi ya waridi na halina aibu hata kidogo. Tunda la haat lina mbegu moja, la hamisj zinakuwa mbili, pengine tatu. Umeelewa?

Kaa: Nimeelewa. Leo majani yako wapi?

Profesa: Hayapo. Kiangazi.

Kaa: Maua?

Profesa: Hayapo.

Kaa: Mbegu?

Profesa akanywa kahawa.

Kaa: Kwa hiyo sayansi yako inasubiri mvua kama sisi.

Redio akasema damu nzito kuliko maji, kwa hiyo tukate tuone damu. Sikuona methali hiyo imefikaje pale, ila kisu nilikuwa nacho. Nikakata kijiti cha buluu, nikakata cha kitambaa chekundu. Vyote viwili vikatoa maji. Profesa akachovya kidole kwenye hiki na kile, akajipaka shatini, doa kulia, doa kushoto, akatuambia tungoje rangi iseme. Tukangoja birika zima. Madoa yakawa kahawia yote mawili, sawasawa, na utomvu ule hautoki kwa sabuni yoyote niijuayo. Lile shati mkewe alikuwa amemnunulia kwa ajili ya ubatizo.

Redio: Samaki mkunje angali mbichi. Vikunje.

Kaa: Miaka thelathini navua, sijawahi kumkunja samaki. Aliyesema hivyo alikuwa anauza kamba.

Tukavikunja hata hivyo. Cha buluu kikazunguka kikawa bangili. Cha chekundu kikazunguka kikawa bangili. Redio akazivaa zote mbili, akaanza kutuonyesha mkono kama bibi harusi, na mimi nikaanza kuona uchungu wa kweli. Kwao ulikuwa upepo tu unawapitia. Mimi nilikuwa na mwanamke mzima mwenye goti lililofura, kule chini ya kivuli chake, hatua thelathini kutoka kijiweni, ananingoja nithibitishe kwamba mwanawe aliolewa na mjinga.

Kaa: Sasa si umuulize mwenyewe? Yule pale.

Wakamtazama Kaa kwa huruma. Kwetu mwanaume hasemi na mama wa mkewe. Hamwangalii usoni, hakai naye kivuli kimoja. Si ugomvi, ni heshima, na neno likiwepo hupitia kwa mke. Miaka ishirini na miwili nimeishi nyumba ya tatu kutoka kwake, nimekula samaki waliopikwa na mkono wake, na hatujawahi kupeana hata salamu. Jina la Kimya nililipatia hapo.

Kaa: Wewe ndo huwezi, najua. Lakini mimi si mkwe wake. Nakwenda sasa hivi.

Mimi: Kaa chini.

Kaa: Kwa nini?

Mimi: Ukienda atajua sijui.

Kaa: Lakini hujui.

Mimi: Hilo ni letu la hapa kijiweni. Nilitumwa haat, nataka apelekewe haat, basi. Siku zote ananiona sina maana.

Profesa: Alikwambia?

Mimi: Ataniambiaje na hatusemi?

Redio: Atakuona vipi una maana? Wewe si ndiye uliyepotea siku sita na kisiwa unakiona?

Hilo halikosekani. Miaka miwili iliyopita injini ilinizimikia kwenye mlango wa bahari, mkondo ukanichukua hadi nyuma ya Kisiwa cha Tiburón, nikala kome wabichi na kunywa maji ya kwenye mwamba mpaka mashua ya wageni iliponiona. Nilikuwa hai, na kijiwe kimenicheka tangu siku hiyo. Nilishazoea, nikajibu tu kwamba kisiwa hakikuwa na kijiwe, kwa hiyo nilipumzika vizuri.

Kaa akaokota kijiti kimoja cha kila mzigo, akavilaza pajani bega kwa bega.

Kaa: Mimi nimegundua. Si ndugu hawa. Ni mume na mke. Haat ni mke, hamisj ni mume. Ndo maana mmoja anafaa kazi na mwingine amesimama tu bondeni.

Profesa: Kaa, mmea hauoi.

Kaa: Kwa hiyo mbegu zinatoka wapi? Tena umesema mwenyewe: haat mbegu moja, hamisj mbili au tatu. Mwanaume lazima azidishe hesabu.

Redio: Nyie wote mko mbali. Sikilizeni. Bibi yangu alikuwa akienda kukata haat anakiimbia kwanza. Mwanamke anaimba, kijiti kinatulia. Mwanaume akija na panga na harufu ya dizeli, haat inageuka. Palepale. Inakuwa hamisj.

Profesa: Inageuka vipi?

Redio: Kama mama mkwe. Si umeona mama mkwe akimwona mkwewe njiani? Anageuza uso. Haat ni mama mkwe wa milima. Kwa hiyo Kimya, mizigo yote miwili ni hamisj, na ungekata mia ingekuwa hamisj mia. Wewe ni mkwe kwa asili.

Profesa: Basi tuvishe gauni la mkewe.

Redio: Vijiti?

Profesa: Yeye. Akakate akiwa na gauni.

Kaa: Na aimbe. Kimya, una sauti?

Nikawaambia sauti ninayo, naihifadhi. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo wananitajia. Wanawake hubanika vijiti kwenye makaa, wakaviambua ganda, kisha wakavipasua kwa meno mpaka vikawa nyuzi. Nimeliona hilo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nikasema basi meno yataamua. Redio alikuwa na meno manne na hayakutazamana. Kaa meno yake yalikuwa nyumbani kwenye glasi. Profesa akasema sayansi haiumi. Nikabanika vijiti viwili, nikaambua, nikauma cha buluu kikachanika mshazari. Nikauma cha chekundu, nacho kikachanika mshazari. Ulimi ukakauka, mashavu yakajikunja kwa ndani, na sikuweza kutema wala kumeza.

Redio: Sasa ndo umekuwa Kimya kweli.

Katikati ya hali hiyo akatokea nesi. Anaitwa Yadira, ameletwa zahanati yetu kutoka mjini, hata miezi miwili hajamaliza. Alikuwa ametoka kumfunga mama mkwe bandeji, mkoba begani, nywele zote zimesimama kwa upepo. Redio akampisha kwenye kiti, heshima ambayo hatufanyii sisi.

Redio: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu kahawa, dada nesi.

Yadira: Asanteni, wazee wangu. Huyo ana nini mdomoni?

Kaa: Utafiti.

Wakamweleza yote kwa pamoja, wa jani na wa mbegu, wa mume na mke, wa haat inayogeuka. Yule binti alisikiliza vizuri, akashika kijiti hiki na kile, akakiri kwamba naye haoni tofauti. Halafu akapuliza kahawa yake.

Yadira: Mimi nimejiuliza kingine. Namfunga goti, linauma, natoka jasho mimi, yeye mkono uko kwenye kile kikapu anakipapasa. Juzi walikuja watalii wanakitaka, akawafukuza. Kwani kikapu chenyewe ni cha nani?

Redio akaanza kulifuta birika masizi kwa shati lake, birika ambalo halioshwi.

Profesa akamtazama Kaa. Kaa akatazama pembeni. Asubuhi nzima tulikuwa tumebishania vijiti, miaka miwili tulikuwa tumekiona kikapu kikipanda kutoka sahani hadi goti, kutoka goti hadi kifua, tulikuwa tumezoea kukisikia kikilia upepo ukitulia, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote, na sikujua. Nilidhani ni kazi tu, wanawake wanasuka. Niliona haya ambayo hata kile kijiti hakikunitia.

Hapo tukasikia sauti ya mama mkwe.

— Chongo. Njoo hapa.

Chongo ni mbwa wa mtaa wote, jicho lake moja lilidonolewa na ndege mwari. Alikuwa amelala chini ya kiti chetu. Akanyanyuka, akajinyoosha, akaenda zake hadi kwenye kivuli cha mama mkwe, akakaa mbele yake. Mimi nikageuza uso kuelekea ukuta wa duka, kama inavyotakiwa. Na hapo ndipo nilipouhisi upepo kisogoni, nikakumbuka kwamba unatoka kaskazini, na kwamba kivuli chake kiko kusini mwetu. Kila neno tulilolisema tangu asubuhi lilikuwa limebebwa hadi miguuni pake.

— Chongo, akasema, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayejua anasikika. Kuna watu pale wana midomo minne na akili ya kukopa. Nenda kawaambie, mzigo wa kamba ya buluu ndio haat. Uletwe. Ule wa kitambaa chekundu ni hamisj, wachochee birika. Haat inapenda mawe, hamisj inapenda mchanga. Mtoto wa miaka mitano anajua, na hahitaji jani.

Profesa akaandika hilo kiganjani. Tukadhani mama mkwe amemaliza, lakini akaendelea kumwambia mbwa.

— Halafu yule binti ameuliza swali la maana. Mjibu. Mwambie, miaka miwili iliyopita mume wa mwanangu alipotea baharini. Siku ya tatu wanaume wakaacha kutafuta. Hao hao waliokaa hapo. Wakarudi, wakapika kahawa, wakasema bahari imeamua. Mwanangu alikuwa amelala chini hali wala hanywi. Nikachukua panga nikapanda kwenye mawe peke yangu, goti lilikuwa bado zima. Nikakata haat ya kuanzia. Nikasema, akirudi, kikapu hiki nitakisuka mpaka kinifike kifuani, kitaimbiwa siku nne, na yeye ndiye atakayekaa mbele. Nilikuwa sijamaliza mzunguko wa kwanza aliporudi.

Kaa, aliyekuwa wa kwanza kurudisha mashua siku ile ya tatu, na ambaye sikumlaumu hata siku moja, alivua kofia akaishika.

— Kwa hiyo kikapu ni chake, Chongo. Si cha watalii. Na mwambie sijawahi kumwona hana maana. Hilo kajitungia mwenyewe kule kwenye kiti chao cha gari. Mwambie pia sijacheka hivi tangu goti livimbe, ila aache kuviuma, meno yake bado tunayahitaji.

Nimesema kwamba uso wangu ulikuwa ukutani. Ulikuwa vizuri hapo ulipo. Nililia, na sina sababu ya kuficha, maana wote walinisikia, na yeye pia, ingawa upepo ule ule ungeweza kusingiziwa. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeuchukulia ukimya wake kuwa hukumu. Kumbe alikuwa ameusuka, mzunguko juu ya mzunguko, akiuweka pale nje ambapo kila mtu anapita, na mimi nikapita kila siku na nyavu zangu begani.

Redio, ambaye siku zote nimemtukana hapa, akafanya jambo la kiungwana. Akalichukua birika, akalitikisa, akamimina kilichobaki kwenye kikombe kimoja. Kilikuwa kikombe cha mwisho na hakikuwa chake. Akampa nesi ampelekee mama mkwe. Akanionyesha kwa kidevu mzigo wa kamba ya buluu, nesi akaushika kwa mkono wa pili, akaenda navyo vyote viwili.

Kaa: Haviwezi kutosha. Nimevihesabu. Mzunguko mmoja wa kikapu kile unakula zaidi ya hapo.

Profesa: Tangu lini unajua mambo ya vikapu?

Kaa: Tangu sasa hivi. Kimya, kesho upepo hata ukilala siendi kwenye madema yangu. Nakusindikiza kwenye mawe.

Redio: Na mimi. Ninaimba.

Profesa: Tunaomba usiimbe.

Niliokota panga langu. Chongo alikuwa ameshamaliza kazi yake, anarudi kijiweni kwa mwendo wa mzee, akasimama mbele yangu na jicho lake moja akingoja. Nilipiga magoti nikamshika masikio. Sikugeuka kutazama nyuma, mila ni mila, lakini niligeuza shingo kiasi cha upepo kuniruhusu, nikaongea kwa sauti ambayo kijiwe hakijawahi kuisikia kwangu.

— Chongo, kamwambie aliyekutuma kwamba goti lisiwe na wasiwasi, tarehe ya daktari itakuta kikapu kimefungwa. Kesho asubuhi naleta vijiti ishirini.

Chongo hakwenda popote. Alikaa chini akajikuna. Lakini upepo ulipumua kidogo, na kutoka kule kivulini tulisikia kikapu kikilia, sindano ikipita, labda na uzi wa mwisho aliokuwa ameuhifadhi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, kisha sauti ya mama mkwe ikimwambia nesi, ambaye alikuwa hajui ashike wapi.

— Umesikia? Amesema ishirini. Basi kumi vitakuwa hamisj. Chemsha maji, mwanangu, kahawa yao imekwisha na bado tuna kazi.